Rubavu hadi Rusizi kwa baiskeli: njia ya vumbi au ya lami?

Zote mbili zinafuata ufuo wa Ziwa Kivu, magharibi mwa Rwanda, na zote ni milima mitupu. Ziwa lenyewe liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo pumzi inakata mapema kwa aliyetoka pwani.

Njia ya vumbi, Congo Nile Trail, ina kilomita 227. Inapita Kinunu, kwenye mashamba ya kahawa, inashuka hadi majini kisha inakupandisha tena bila huruma. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma, unaanza kuukwangua kwa kijiti huku watoto wakikucheka. Tairi nene ni lazima, breki nzuri zaidi. Siku tano zinatosha kwa asiye na haraka.

Lami ni habari nyingine. Miteremko mirefu, kona safi, siku mbili au tatu unamaliza. Rwanda magari hupita kulia, hivyo ukielekea kusini ziwa linakuwa upande wako muda wote. Ila malori yapo.

Mimi ningechukua vumbi mpaka Karongi, nilale hapo, nile sambaza, visamaki vya ziwani, za kukaanga, kisha lami hadi Rusizi. Miezi ya Juni hadi Agosti, kiangazi. Machi na Aprili, lami tu. Tope la huko halina mjadala.