TAHADHARI: Unga wa "mitishamba" wa kisukari uliochanganywa na vidonge

Kama nyumbani kwenu kuna mgonjwa wa kisukari anayetumia unga usio na lebo, ule unaosifiwa kuwa "unashusha sukari siku hiyo hiyo", asiulambe tena leo, na asilale bila kula.

Muarobaini, uwatu, mlonge, karela: hakuna hata kimoja kinachoshusha sukari kutoka 18 hadi 5 (kwa kipimo cha mmol/L) kwa siku moja. Unga ukifanya hivyo, shuku kwamba ndani yake kuna kidonge cha hospitali kilichosagwa. Kinachojulikana sana kwa mchezo huu ni glibenklamidi, kidonge cha kisukari cha mg 5. Kikishasagwa kwenye unga wa kijani au kahawia hukioni, na kwa kuonja hukijui. Singapore mwaka 2008, kati ya Januari na Mei, watu 150 wasio na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka vibaya. Wengi wao walikuwa wanaume, na chanzo kilikuwa dawa za kuongeza nguvu za kiume zilizotiwa glibenklamidi. Wanne walifariki.

Hatari kubwa ipo kwenye kipimo. Aliyechanganya kwa mkono hawezi kuusambaza sawasawa, kwa hiyo kijiko cha leo kinaweza kubeba nusu kidonge na cha kesho vidonge sita. Mgonjwa naye huenda ameshameza glibenklamidi yake ya kliniki asubuhi. Dawa hii hukamua insulini kwenye kongosho hata kama mtu hajala kitu, na mwenye figo dhaifu hukaa nayo mwilini muda mrefu zaidi.

Sukari ikishuka, mtu hutoka kijasho, mikono hutetemeka, moyo huenda mbio, njaa humshika ghafla. Halafu maneno yanachanganyika, anakuwa mkali bila sababu, au anasinzia. Usiku utakuta shuka limelowa. Kwa wazee hudhaniwa ni kiharusi. Anayetumia atenolol au propranolol ya presha anaweza asitetemeke wala asisikie moyo kwenda mbio, ila jasho litamtoka. Muuzaji akikwambia dalili hizi ni dawa inapambana na sukari, usimsikilize.

Pima kidoleni. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji anywe, au nusu ya soda ya ml 300, ile ya kawaida na siyo ya "zero". Chokoleti haifai hapa, mafuta yake huchelewesha sukari. Subiri dakika 15, upime tena. Kama bado iko chini, rudia. Ikipanda, ale chakula cha kushiba: ugali, mkate au viazi. Kama huna kipimo na dalili zipo, mpe sukari tu, usisubiri.

Aliyepoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali.

Hata aliyezinduka aende. Wengi hukosea hapa: anakunywa soda, anachangamka, anarudishwa kulala, na saa nne au tano baadaye sukari inashuka tena kwa sababu glibenklamidi hufanya kazi siku nzima au zaidi. Hata dripu moja ya glukosi haitoshi. Mwambieni daktari wazi kwamba ametumia unga, na ombeni aangaliwe kwa saa 24 akipimwa kila baada ya muda.

Kopo msilitupe. Unga ubaki kwenye chombo chake, mkaupeleke hospitali, kisha TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania), au kwa Kenya, Bodi ya Famasia na Sumu. Na kabla ya kununua dawa yoyote ya asili Tanzania, muombe muuzaji namba ya usajili ya dawa yenyewe iliyotolewa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Cheti cha mganga kilichotundikwa ukutani kinamsajili mganga, hakisajili unga wake.

Anayechoma insulini asiiache kwa neno la muuzaji. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza huweza kuzidiwa ndani ya siku moja au mbili.

Ukiacha unga, sukari itapanda tena, kwa kuwa kidonge kilichokuwa kinaishusha kwa siri hakipo. Usijiongezee dozi. Pima asubuhi kabla ya kula na jioni kwa wiki moja, andika namba kwenye daftari, ulipeleke kliniki wakupangie upya.