Presha kuka ya umeme kwenye baridi ya Njombe

Maharage ya huku kwetu yanajulikana kwa ubishi. Mgeni wa kutoka Dar es Salaam akiyabandika saa nne asubuhi akitegemea kula saa saba, atashindia chai. Wapo wanaosema mbegu ndiyo ngumu, wapo wanaolaumu mkaa. Mimi nafundisha sayansi shule ya msingi, na wanafunzi wangu huwa nawaambia walaumu mwinuko. Mji wetu uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hewa inayokandamiza maji ni nyepesi, na maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi badala ya 100. Hata ukiongeza kuni, sufuria ya kawaida haivuki hapo. Maji yatatokota kwa fujo na kukauka mapema, lakini joto ni lile lile.

Ndiyo maana presha kuka ya umeme, ambayo kwa mtu wa pwani inaweza kuwa starehe tu, kwangu ni chombo cha lazima. Yetu ni ya lita 6, wati 1,000, tuliinunua shilingi 150,000 dukani hapa hapa mjini. Najua Kariakoo ningepata kwa bei pungufu, lakini nilitaka iwashwe mbele ya macho yangu kabla sijatoa pesa. Katika vyombo vyote vya umeme vilivyowahi kuingia nyumbani kwetu, hiki ndicho ninachokipenda kuliko vingine, na mahali kinaposhindwa nitapasema pia.

Kazi yake ni rahisi kuielewa. Mfuniko una mpira unaoziba kabisa, mvuke unakosa pa kutokea, mgandamizo unapanda, na maji yanalazimika kupata joto kubwa zaidi kabla ya kuchemka. Humo ndani joto linapita nyuzi 110, hata huku juu. Mfaransa Denis Papin aliwaonesha wanasayansi wa London chombo cha namna hii mwaka 1679, na ni yeye huyo aliyekibunia vali ya usalama. Kilichoongezwa na wa leo ni kifaa kinachopima joto na kukata umeme chenyewe, pamoja na ukuta wa nje unaozuia joto lisipotee. Chombo kikishapata presha, umeme unawaka kidogo na kuzima, unawaka kidogo na kuzima. Hapo ndipo pesa inapookolewa, na nitarudi kwenye hesabu.

Kwanza kande, kwa sababu nyumba ya Njombe isiyopika kande bado sijaiona. Zamani kande ilikuwa kazi ya Jumamosi. Mahindi yaliyokobolewa na maharage vinalowekwa usiku, kuni zinawashwa asubuhi, na mtu mmoja lazima awe karibu siku nzima kuongeza maji na kusogeza vijinga. Sasa navitia vyote ndani ya presha kuka, maji yanavizidi kwa vidole vitatu, naweka dakika 50, naenda kufua. Muda wa kupanda presha hauhesabiwi kwenye hizo dakika, na Juni au Julai, maji ya bomba yakiwa ya barafu, unaweza kufika dakika 20 na zaidi. Mwisho naiacha itulie yenyewe hadi ile pini ya juu ianguke. Kwa jumla ni kama saa moja na nusu, na katika muda wote huo hakuna mtu aliyekaa jikoni.

Maharage yaliyolowekwa yanataka dakika 20 hadi 25, makavu yanataka 45. Jogoo wa kienyeji, yule aliyezeeka bandani, dakika 35 na nyama inaachia mfupa. Makongoro saa nzima, na supu yake inaganda ikipoa, jambo ambalo kwa kuni nililipata kwa kushinda jikoni tu. Kitu kimoja usikikosee: maharage hutoa povu, kwa hiyo usipite nusu ya bakuli, na usifungue vali kwa haraka yakiwa yameiva. Ukifungua, povu linaruka na mvuke hadi ukutani.

Mama mkwe wangu tunaishi naye. Amepika kwa kuni za miti ya miwati tangu ujana wake, na macho yake yana wekundu ambao daktari wa macho aliuhusisha na moshi. Chombo kilipoingia alikiogopa. Alikuwa amesikia habari za presha za zamani, zile za kubandika juu ya moto, zilizowahi kurusha mfuniko hadi darini.

“Mwanangu, hiki kitu unakiacha peke yake kweli?”

“Ndiyo, mama. Njoo uone hii pini. Ikiwa juu, mfuniko haufunguki hata uulazimishe.”

Aliujaribu kwa mikono yote miwili, ukakataa. Tangu siku ile hofu ilipungua, na sasa ndiye anayeibonyeza zaidi yangu. Vitufe vyake vimeandikwa Kiingereza, na yeye hakusoma Kiingereza, kwa hiyo nilibandika vipande vya plasta juu ya vitatu tunavyovitumia zaidi na kuandika kwa kalamu ya wino: maharage, nyama, zima. Watengenezaji wanaouza huku wangetusaidia sana kama wangeweka maandishi ya Kiswahili, au hata picha zinazoeleweka. Bibi mwenye miaka sabini na kitu ndiye mtu anayehitaji chombo hiki kuliko wengi, na ndiye waliyemsahau.

Tuje kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, maana hapo ndipo watu wengi wanapokatia tamaa kabla hawajajaribu. Nilizima kila kitu ndani, pamoja na friji, nikasoma uniti kwenye mita kabla ya kupika maharage makavu na baada ya kuiva. Ilikula nusu uniti, au pungufu kidogo. Sisi tuko kwenye kundi la shilingi 292 kwa uniti, na ukiongeza VAT na tozo za EWURA (mdhibiti wa nishati) na REA (wakala wa umeme vijijini), nilipopima ilifika 356, yaani kwa shilingi elfu moja ulipata uniti 2.8. Kwa hiyo chungu cha maharage cha kula watu sita kwa siku mbili kiliiva kwa shilingi 178. Kwa pesa hiyo hapa mjini hupati mkaa wa kuchemshia hata chai.

Walio kwenye kundi la uniti 75 kwa mwezi, wale wanaolipa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, hesabu yao ni tamu zaidi, lakini waangalie jambo moja. Ukipika kwa umeme kila siku huku una friji, televisheni na pasi, unaweza kuvuka zile 75 na kuhamishiwa bei kubwa, na bei hiyo itahesabiwa kwenye kila kitu ndani ya nyumba. Piga hesabu ya mwezi mzima kwanza. Jirani yangu mwenye taa tatu na redio anapika kila siku na bado yuko ndani ya kundi lake.

Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie kufikia mwaka 2034. Huku mitaani habari hiyo imeeleweka kama habari ya mitungi ya gesi. Gesi ni nzuri, nami ninayo, lakini kupika maharage makavu kwa mtungi wa kilo 6 katika mwinuko huu ni kuumaliza mtungi kabla ya mwisho wa mwezi. Naamini kwa dhati kwamba kwa nyanda hizi za juu, kuanzia hapa kwetu hadi Makete na Mbeya, presha kuka ya umeme inastahili kutajwa mbele kuliko inavyotajwa sasa. Gesi ibaki kwa ugali, chapati, mboga za majani na chai.

Maana ugali haupikiki humu. Chapati haipikiki. Wali unaiva vizuri, mchele kikombe kwa maji kikombe na kidogo, lakini ukoko hupati, na watoto wangu bado wanaulilia. Viazi mviringo vya kuponda, sawa. Ukitaka vibaki vizima, tumia sufuria, kwa sababu dakika mbili za kuzidisha zinavigeuza uji.

Karanga pia. Huku tunaunga maharage na kande kwa karanga zilizosagwa, na mtu akizitia mwanzoni pamoja na vitu vingine, zinashuka chini na kuungua, chombo kinasoma joto kubwa na kujizima maharage yakiwa mabichi. Pika kwanza kwa maji matupu. Presha ikiisha, fungua, ndipo utie karanga, kitunguu na chumvi, ukitumia kitufe cha kukaangia huku ukikoroga. Inachukua dakika kumi na ladha inakaa mahali pake.

Kuhusu ladha, mama mkwe anasisitiza kwamba maharage ya kuni yana utamu wake, na nakubaliana naye. Moshi huacha kitu ndani ya chakula, na chungu cha udongo nacho kinachangia. Sikukuu ya Krismasi tunapika kwa kuni nje, ndugu wote wakiwepo, na sitaki desturi hiyo ife. Ila siku ya Jumatano, nimetoka shule saa kumi jioni na madaftari ya kusahihisha yananisubiri, utamu wa moshi siuhitaji kiasi hicho.

Umeme ukikatika katikati, usiharakishe kuondoa chakula. Kama presha ilikuwa imepanda, ukuta wa nje unatunza joto na chakula kinaendelea kuiva kwa muda. Tatizo la aina yetu ya vitufe ni kwamba umeme ukirudi haiendelei, inasubiri ubonyeze tena. Zile za kuzungusha kwa mkono, zenye saa ya kurudi nyuma, huendelea zenyewe. Kama mtaa wako unakatika mara kwa mara na unashinda kazini, chukua hizo za kuzungusha, tena bei yake iko chini.

Lawama yangu kubwa ni vipuri. Mpira wa mfuniko wetu ulilegea, mvuke ukawa unapita pembeni na pini haipandi. Muuzaji hakuwa nao, na alinijibu kwamba ninunue chombo kipya. Jibu hilo lilinikera, kwa sababu chombo kilikuwa kizima kabisa isipokuwa kipande hicho cha silikoni. Mdogo wangu aliupata Kariakoo, akautuma kwa basi, nikauvalisha, kikarudi kama kipya. Mpira huo pia hunasa harufu: ukipika samaki, wali wa kesho utanusa samaki. Uvue kila baada ya kupika, uoshe, uanike, na kama uwezo upo uwe nao miwili, mmoja wa samaki na nyama, mwingine wa wali na maharage. Bakuli la ndani nalo ni laini. Mwiko wa mti ndio wake, na steelwire isilisogelee.

Vyombo vingine vinavyonirahisishia maisha huku kwenye baridi ni birika la umeme na chupa nzuri ya chai. Birika linachemsha maji ya kuchanganyia ya kuoga watoto kabla hawajaenda shule, na nililipenda zaidi baada ya kutupa ile koili ya kutumbukiza kwenye ndoo, ambayo naiona ya hatari mahali penye watoto. Chupa ya chai haili umeme wala haina kipuri cha kuhangaikia zaidi ya kizibo.

Ukienda kununua presha kuka, lita 6 zinatosha watu wanne hadi saba. Ndogo zaidi ya hapo utajuta siku ya kande. Iwe wati 1,000 au karibu na hapo. Uliza mpira wa akiba kabla ya kuuliza rangi. Nyumbani ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, usiipitishe kwenye ekstensheni nyembamba za kuchajia simu, zinapata moto na kuyeyuka. Na pale pale dukani mwombe muuzaji atie maji lita moja, afunge, awashe. Usiondoke hadi uone pini imepanda, mvuke hautoki pembeni ya mfuniko, na umeme umejikata wenyewe dakika ulizoweka zilipoisha. Muuzaji akikataa kufanya hivyo, nenda duka la pili.