Kudai fidia baada ya kuumia kazini: uzoefu wangu wa miezi mitano Pemba

Nilikuwa fundi seremala katika karakana moja ya samani nje kidogo ya mji wa Chake Chake, na mwaka 2017 mashine ya randa ilinikata pingili mbili za kidole cha shahada na moja ya kidole cha kati, mkono wa kulia. Ninaieleza hapa huduma ya kudai fidia kama nilivyoipitia, kwa sababu nilipoitafuta taarifa hiyo mwenyewe nilipata ya kwingine, ikanipotezea karibu mwezi mzima.

Taarifa niliyoipata kwenye simu ilihusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule unaoitwa WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Nilichapisha fomu zake, nikamwomba mdogo wangu anijazie kwa kuwa mkono ulikuwa bado umefungwa, kisha nikaambiwa kwamba mfuko huo ni wa Tanzania Bara. Mambo ya kazi si ya Muungano, na Zanzibar wakati huo ilikuwa na Sheria yake ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 15 ya mwaka 1986, iliyorekebishwa mwaka 2005. Tofauti si ya jina tu. Bara waajiri huchangia na mfuko ndio unaolipa, lakini dai langu mimi lilimkabili mwajiri mwenyewe, alipe kutoka mfukoni mwake au kupitia bima kama alikuwa ameikata. Tajiri wangu hakuwa nayo. Wapo pia walionielekeza ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, nikajibiwa kwamba sikuwahi kusajiliwa huko hata siku moja, jambo ambalo nilipaswa kulijua kabla ya kukatwa vidole.

Lililonigharimu zaidi kuliko fomu hizo ni muhali, ile haya ya kumdai jamaa yako. Tajiri wangu ni binamu yake mama, na tangu utotoni ninamwita mjomba. Siku ya ajali alinipeleka hospitali kwa gari yake, akalipia dawa za mwanzo, akatuletea mchele na samaki nyumbani Mtambile, akaniambia, "Mwanangu, haya tutayamaliza wenyewe nyumbani." Nilinyamaza wiki sita. Katika wiki hizo mashine ilifungwa kinga ya kisu ambayo haikuwapo nilipoumia, mwenzangu aliyeshuhudia alivuka kwenda Unguja kufanya kazi hotelini, na hakuna aliyeandika popote kwamba ajali ilitokea. Mchele ulipokwisha na kazi ya kipindi hicho akapewa mtu mwingine, sheha wetu ndiye aliyenishauri niende ofisi ya kazi, na nilikwenda kwa aibu, kama mtu anayekwenda kumshitaki baba yake.

Ofisini nilipokewa na mama mmoja wa makamo aliyenisikiliza bila ya haraka, na hilo peke yake ninalihesabu kuwa huduma. Hakuuliza sana habari za maumivu. Aliuliza ajali ilitokea saa ngapi, nilikuwa nikifanya kazi gani, nani aliniagiza kuifanya, na kwa mwezi nilikuwa nikipata kiasi gani. Swali hilo la mwisho ndilo lililonitoa jasho. Fidia ya ulemavu wa kudumu hukokotolewa kutokana na kipato cha mfanyakazi na kiwango cha ulemavu wake, nami nililipwa kwa kipande, kitanda kwa kitanda na mlango kwa mlango, bila ya hati ya mshahara. Kilichoniokoa ni daftari la skuli nililokuwa nikiandikia kila nilichokitengeneza, tarehe yake na nilicholipwa, ambalo kwa kweli nililianzisha kwa sababu ya kumshuku mwenzangu wa karakana wala si kwa kumwogopa tajiri.

Cheti cha daktari kilikuwa na hadithi yake. Cha kwanza kilisema tu kwamba nimepata jeraha la mkono na nimetibiwa. Kwa dai la fidia maneno hayo hayana uzito, kwa kuwa hayaonyeshi sehemu gani ya kiungo imepotea, siku ngapi mgonjwa hakuweza kufanya kazi, na ulemavu uliobaki ni wa asilimia ngapi. Daktari aliyenishona alikuwa amehamishwa, kwa hiyo nilirudi hospitali mara tatu mpaka mwingine akanipima upya na kuandika yote hayo. Anayeumia leo na ayaombe maelezo hayo kabla jeraha halijakauka.

Siku ya kikao cha usuluhishi mjomba alikuja amevaa kanzu, pamoja na kijana wake anayemwekea hesabu, na hoja yake ilikuwa moja: mimi si mwajiriwa bali fundi wa kipande, anayekuja na kuondoka kwa hiari yake. Sikuwa na jibu. Yule mama ndiye aliyemuuliza, kwa adabu kubwa, mashine ni ya nani, mbao ni za nani, bei ya kitanda anaipanga nani, na kama fundi anaweza kumtuma mtu mwingine aje kumfanyia kazi yake. Mjomba alijibu kwa ukweli, na majibu yake mwenyewe ndiyo yaliyoonyesha kwamba nilikuwa chini ya amri yake. Kikao cha pili kilikuwa cha hesabu tu.

Kwa kuitathmini huduma yenyewe, naipa alama nne kwa tano. Sikutozwa ada wala sikuhitaji wakili, na nilielezwa kila hatua kwa Kiswahili ninachokifahamu. Alama moja naipunguza kwa sababu ya safari saba za Mtambile na Chake Chake kwa nauli yangu, nyingine za kuambiwa tu kwamba mwajiri ameomba siku iahirishwe, wakati ambapo sikuwa na kipato chochote. Kiasi nilicholipwa sitakitaja kwa heshima ya mjomba. Kilikuwa pungufu ya nilichokitarajia na kikubwa kuliko alichokuwa tayari kunipa nyumbani, na kililipwa kwa mafungu matatu.

Fungu la mwisho alilileta mwenyewe ofisini. Saini yangu ilikataliwa kwa kuwa haikufanana na ile ya kwenye kitambulisho changu cha Mzanzibari mkaazi, niliyoitia nikiwa na vidole vyote. Mjomba alikishika kidau cha wino, nami nikaweka dole gumba.