Nilituma kumi, zikarudi kumi: kuuza picha mtandaoni nikiwa Kigoma

Nina studio ndogo pale Mwanga. Pasipoti, kipaimara, harusi, mahafali. Mwaka jana nikajisajili kwenye kampuni moja ya nje inayouzia picha watangazaji na wachapishaji. Nilichagua kumi nilizoamini ndizo bora nilizowahi kupiga, nikazituma. Siku ya tatu zikarudi zote, kila moja na sababu ya maneno mawili matatu.

Nilikasirika, siwafichi. Miezi minane baadaye nakiri kwamba katika zile kumi, tisa zilistahili kukataliwa.

Mbili zilikuwa aibu tupu. Nilizipiga kwa simu, nikazihamishia kwenye kompyuta kwa WhatsApp, nayo huzibana picha ili zisile bando. Kampuni inataka angalau pikseli milioni nne. Nikajaribu kuzikuza kwa programu. Wakaguzi wakaziona palepale. Sasa hivi nahamisha kwa waya.

Iliyoniuma ni ya wavuvi wa dagaa. Usiku usio na mbalamwezi, taa zimetapakaa ziwani mpaka unadhani kuna mji kule. Kwenye kioo cha kamera ilipendeza mno. Lakini nilikuwa nimeshika kamera mkononi na ISO, yaani kipimo cha kamera kuhisi mwanga, iko 6400. Nilipoifungua kwenye kompyuta kwa asilimia 100, giza lote limejaa chembechembe nyekundu na kijani. Na wao hukagua kwa ukubwa huohuo, si ule wa Instagram. Nikanunua stendi ya kamera, nikashusha ISO hadi 100, nikaacha lenzi wazi sekunde kumi na tano. Chembechembe zikaisha, ila boti haitulii majini, kwa hiyo taa zote zikawa michirizi.

Dawa ilikuwa kubadilisha saa. Kwetu jua huzama ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Ile nusu saa ya magharibi, boti zikitoka Kibirizi, mwanga bado upo, ISO 400 inatosha, na wavuvi wanaonekana vivuli tu. Sura hazitambuliki, hivyo hata fomu za ridhaa sikudaiwa. Hiyo ikapita, na mpaka leo ndiyo inayouzika kuliko zote. Kwa tamaa nilikuwa nimetuma kumi na nne za jioni ileile. Wakachukua moja, kumi na tatu wakaandika zinafanana.

Fomu ya ridhaa ndiyo kazi ngumu kwa mazingira yetu. Sura ya mtu ikitambulika na picha ni ya matangazo, lazima asaini. Mtoto husainiwa na mzazi. Nilimfuata mama mmoja anayeanika dagaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo karatasi ya nini, mkopo?"

Ana haki ya kuuliza, wakopeshaji wa kausha damu wamewaliza wengi. Fomu ni ya Kiingereza, kwa hiyo nilimsomea mstari kwa mstari kwa Kiswahili, nikamweleza kwamba sura yake inaweza kutokea kwenye tangazo lolote, nchi yoyote.

"Hata la sabuni?"

"Hata la sabuni, mama."

"Basi ngoja nibadilishe kitenge."

Akasaini, nami nikamsafishia picha kubwa ya kutundika sebuleni. Ushauri wangu: nenda na fomu siku ileile ya kupiga. Kumtafuta mtu wiki mbili baadaye mwaloni ni kupoteza mafuta ya pikipiki.

Nembo nazo ni mtego. Jina la kampuni kwenye injini ya boti, jezi ya timu, ndoo iliyokuwa ya rangi za nyumba: vyote hivyo vilinirudishia picha. Siku hizi naigeuza ndoo kabla ya kupiga. Ni rahisi kuliko kufuta kwenye kompyuta. MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, niliituma kama picha ya matangazo wakaikataa. Nikaituma tena kwenye kundi la picha za habari, na maelezo ya mahali, tarehe na kinachoonekana, bila kufuta kitu chochote. Ikapita.

Mengine ni madogo: vumbi la kiangazi ndani ya kamera linaloacha madoa angani, ukingo wa zambarau kwenye makuti ya michikichi dhidi ya anga jeupe. Picha yenye chembechembe kidogo naipunguza kutoka pikseli milioni 24 hadi nane, inakaa sawa. Na maneno ya utafutaji yaandike kwa ukweli. Niliweka "sokwe" kwenye picha ya ufukwe kwa sababu tu Gombe iko jirani. Ikarudi.

Ile moja ya kumi? Mvua ikikaribia Ujiji, ukungu nusu ya ziwa. Walisema haiko kwenye fokasi. Ukungu utakuwaje kwenye fokasi? Nilituma tena bila kuibadilisha, nadhani ikaangukia kwa mkaguzi mwingine, maana ilipita. Hapo ndipo ninapowakata nyota: sababu fupi mno na hakuna wa kumuuliza. Nawapa tatu kati ya tano.

Mpaka sasa nimetuma 74, zimepita 31. Mauzo ni dola 18 na senti kadhaa, na kutoa pesa lazima zifike 25. Kodi ya fremu ya studio bado inalipwa na picha za pasipoti.