XScreenSaver kwenye kompyuta kongwe

XScreenSaver, programu ya Linux iliyoandikwa na Jamie Zawinski na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1992, ina vihifadhi skrini (michoro inayocheza kompyuta isipotumika) zaidi ya 200, lakini si vyote vinavyoifaa kompyuta kongwe. Vile vya pande tatu hutegemea OpenGL, mfumo wa kuchorea picha kwa kadi ya michoro, na pale ambapo kadi ya michoro haina uwezo wa kuvichora, mzigo wote huiangukia prosesa, picha zikaanza kukwamakwama na feni ikavuma wakati hakuna kazi yoyote inayofanyika. Sifa yake kubwa, kwa maoni yangu, ni uhuru wa kurekebisha: mtumiaji anaweza kupunguza kasi ya picha, katika vingine hata idadi ya maumbo yanayochorwa, kisha akaviondolea tiki vile vizito ili visiingie kwenye zamu. Deco, ambacho huchora mistatili tu, hakiisumbui mashine. Dirisha la mipangilio limejaa mno. Hata hivyo, kazi ya awali ya vihifadhi skrini ilikuwa kuzuia picha isiyobadilika isiache alama ya kudumu, na skrini bapa za LCD haziachwi na alama hizo kwa urahisi kama zile za zamani za mirija. Kwa hiyo mwenye kujali umeme achague skrini nyeusi, kisha aruhusu izimike yenyewe.