SMS au WhatsApp kwa parokia yenye vigango vingi?

Kwa parokia za Kilolo au Mufindi mkoani Iringa, ambako vigango, yaani makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, viko mbali kimoja na kingine na mvua za Machi huharibu barabara, ningeanza na SMS za mkupuo, yaani ujumbe mmoja unaotumwa kwa namba nyingi kwa pamoja. Zinaingia hata kwenye kitochi, bila bando, na simu ikikosa mtandao ujumbe husubiri. Bibi anayengoja sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa anastahili kujua kwamba padre amekwama njiani. Tatizo ni gharama: kila ujumbe hulipiwa, na ukizidi herufi 160 huhesabiwa zaidi ya mmoja.

WhatsApp hubeba ratiba ya misa, sauti ya paroko, hata noti za kwaya. Inadai simu janja, basi wazee wengi wanabaki nje. Kinachonisumbua zaidi ni namba za waumini kuonekana na kundi zima; mjane hapaswi kupigiwa na wasiomjua kwa sababu tu alijiunga na kundi la kanisa. Kwa hiyo kundi liwe la makatekista na wenyeviti wa jumuiya ndogondogo, nao wafikishe habari nyumba kwa nyumba. SMS itumike kwa misiba na misa zinazobadilishwa ghafla.