SRD 5.1 na 5.2: speli za mhusika mwenye fani mbili, bure lakini shika kalamu

Waraka wa bure wa kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika wake kwa karatasi na dado, unaojulikana kama SRD, una matoleo mawili yanayotumika mezani siku hizi. La 5.1, lenye kurasa 403, liliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023. La 5.2 lilitoka Aprili 2025 na linafuata kanuni zilizorekebishwa mwaka 2024. Kwa kikundi cha Mbeya kinachocheza Jumamosi alasiri huku mvua ikipiga bati, hakuna pa kuanzia pazuri zaidi. Unapakua mara moja, unasoma bila bando, na leseni inakuruhusu kuupeleka steshenari yoyote pale Mwanjelwa ukatoa nakala. Hata kuutafsiri kwa Kiswahili na kuiuza tafsiri inaruhusiwa, ilimradi umtaje mwenye kazi na useme umebadilisha nini.

Hapa waraka unapimwa kwa sehemu moja tu, ile inayozusha ubishi kuliko zote: speli (uchawi anaoupiga mhusika) za mhusika aliyechanganya fani, yaani mwenye kazi zaidi ya moja, kama kasisi aliye pia wizadi.

Kosa kubwa la waraka halimo kwenye hesabu, limo kwenye msamiati. Kiingereza kinatumia neno lilelile kwa ukomavu wa mhusika na kwa uzito wa speli, na msomaji anaachwa atambue mwenyewe lipi ni lipi. Sisi tuna bahati ya kuwa na maneno mawili. Iteni ukomavu wa mhusika *ngazi* na uzito wa speli *daraja*, na nusu ya ubishi itaisha kabla chai haijapoa. Kasisi wa ngazi ya 5 anapiga speli za daraja la 3. Ukisema hivyo hakuna anayechanganyikiwa.

Kanuni yenyewe ina vichwa viwili. Speli unazozijua au kuziandaa huhesabiwa kwa kila fani peke yake, kana kwamba fani nyingine haipo. Nafasi za kuzipigia, yaani ni mara ngapi unaweza kupiga speli za kila daraja kabla ya kupumzika, huhesabiwa kwa pamoja. Yaani akili mbili, kibubu kimoja. Kujaza kibubu, unajumlisha ngazi zote za manju (badi wa kwenye karatasi), kasisi, druidi, sosera na wizadi, kisha unaongeza nusu ya ngazi za paladini na renja, wapiganaji wenye uchawi kidogo. Jumla hiyo unaipeleka kwenye jedwali la fani mchanganyiko.

Chukua kasisi 3 na wizadi 3. Jumla ni 6, na jedwali linatoa nafasi 4 za daraja la 1, 3 za daraja la 2 na 3 za daraja la 3. Hapo ndipo mchezaji anapofurahi na kuandika mpira wa moto, speli ya daraja la 3, kwenye karatasi yake. Afute. Kasisi wa ngazi ya 3 anaishia speli za daraja la 2, na wizadi wa ngazi ya 3 vilevile. Nafasi za daraja la 3 anazo, speli ya kuweka humo hana. Kinachobaki ni kupiga speli ndogo kwa nafasi kubwa, na waraka ungepaswa kueleza jambo hili kwa mapana kuliko unavyofanya, kwa sababu si kila speli inafaidika. Kwa kanuni za 5.1, mishale ya uchawi kwa nafasi ya daraja la 3 inatoa mishale 5 badala ya 3. Speli ya kasisi inayowaongezea watu watatu uhai wa pointi 5 kwa saa 8 inawapa 10. Lakini silaha ya kiroho inaongeza dado moja ya madhara kwa kila madaraja mawili juu ya la 2, hivyo kuipiga kwa daraja la 3 ni kumwaga maji mchangani. Soma aya ya mwisho ya kila speli kabla ya kuichagua. Kwa mhusika wa namna hii aya hiyo ina thamani kuliko zote.

Mhusika huyohuyo ana namba mbili za kukinga, na wengi huandika moja. Tuseme hekima yake, inayotumika kwa ukasisi, ni 16 (bonasi +3) na akili, ya uwizadi, 14 (bonasi +2). Ngazi zake zote ni 6, hivyo bonasi ya umahiri ni +3, ile inayofuata jumla. Ili kuzikinga, speli za kasisi zinadai adui afikishe kwa dado 8+3+3, yaani 14. Za wizadi ni 8+3+2, yaani 13. Speli ndogo zisizotumia nafasi nazo hukua kwa jumla ya ngazi, kwenye ngazi ya 5, 11 na 17, kwa hiyo hata kuchukua ngazi moja tu ya wizadi kunakupa moto mdogo unaokua nawe.

Matoleo yanapotofautiana, tofauti kubwa ni kukadiria nusu. 5.1 inakata kushuka, 5.2 inakata kupanda. Paladini 3 na sosera 1 kwa 5.1 ni 1+1, jumla 2: nafasi 3 za daraja la 1 basi. Kwa 5.2 ni 2+1, jumla 3: nafasi 4 za daraja la 1 na 2 za daraja la 2. Meza moja ikiwa na nakala mbili tofauti, ugomvi huu hauepukiki, na wote wawili watakuwa wanasoma sawasawa. Na kwa mwenye paladini 3 na renja 3, 5.1 haisemi wazi kama unakata nusu ya kila fani au ya jumla yake. Ya kwanza inatoa 2, ya pili 3. Msimamizi wa mchezo aamue siku ya kuunda wahusika, si katikati ya vita.

Jedwali hili ni la mwenye fani mbili au zaidi zenye uwezo wa kupiga speli kwa nafasi za kawaida. Mpiganaji 3 na wizadi 5 hatumii jedwali hili kabisa, anasoma la wizadi. Hata paladini 5 aliyeongeza ngazi za mpiganaji abaki na jedwali la paladini.

Woloki, fani inayopata uchawi wake kwa mkataba na nguvu kubwa, yuko pembeni ya yote haya. Nafasi zake za mkataba haziingii kibubuni. Anazo kando, zote za daraja moja, na zinarudi kwa pumziko fupi la saa 1 wakati wenzake wanasubiri pumziko refu la saa 8. Ila anaweza kuzitumia kupigia speli za fani yake nyingine, na kinyume chake. Woloki 2 na manju 3 ana nafasi 2 za mkataba za daraja la 1, na pembeni 4 za daraja la 1 na 2 za daraja la 2 kutoka jedwali la manju.

Changanya woloki na sosera ndipo tundu linafunguka. Sosera anaweza kugeuza nafasi kuwa pointi zake za uchawi na pointi hizo kuwa nafasi. Nafasi moja ya mkataba ya daraja la 2 inatoa pointi 2, na pointi 2 zinanunua nafasi ya daraja la 1, ambayo haipotei hadi pumziko refu. Asiyelala kamwe, akipumzika saa moja moja tu, anajaza ghala. Wachezaji wa nje wamempa mhusika huyu jina la kahawa, na majirani zetu wa Mbozi wana haki ya kudai mrabaha. 5.1 haina kizuizi kwa mchezo huo. Wekeni chenu.

Wizadi mwenye ngazi moja ya wizadi na 8 za kasisi ana nafasi hadi daraja la 5, na kanuni ya 5.1 ya fani yake inasema aandae speli za madaraja aliyo na nafasi zake. Akisoma hapo tu atadai mpira wa moto. Kanuni ya mchanganyiko ndiyo inayotawala: anaandaa kama wizadi wa ngazi ya 1.

Na mikono, ambayo karibu kila mtu huisahau. Kwa 5.1, kifaa cha uchawi hufanya kazi kwa speli za fani yake tu. Nembo takatifu iliyochorwa kwenye ngao inatosha kwa speli za kasisi, lakini speli ya wizadi inayodai kitu mkononi inahitaji mkono mtupu, au fimbo ya wizadi. Mwenye ngao kushoto na rungu kulia hana mkono huo.

Ukienda kutoa nakala usichape kurasa zote. Chapa sehemu ya fani mchanganyiko, majedwali ya fani zilizoko mezani kwenu na speli zilizochaguliwa, nyeusi na nyeupe. Juu ya kila ukurasa andika 5.1 au 5.2 kwa wino, maana karatasi zikishachanganyika hakuna atakayekumbuka.